Elfu Thelathini kwa Jinzi Isiyomaliza Mwaka

Pamba inayotosha jinzi moja ya mwanaume, mkulima wa Misungwi akiipeleka kwenye mizani ya chama chake cha ushirika (AMCOS), hailipwi hata elfu nne. Jinzi nzito ina gramu 700 hadi 800. Ukihesabu na kinachopotea kiwandani wakati wa kusokota, kufuma na kukata, inadai gramu 900 hivi za pamba nyuzi, na hizo zinatoka kwenye pamba mbegu kama kilo mbili na nusu, kwa kuwa zaidi ya nusu ya anachopima mkulima ni mbegu inayokwenda kukamuliwa mafuta na kuacha mashudu. Msimu wa 2022 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,560 kwa kilo, kwa hiyo pamba ya jinzi moja ilimpa 3,900. Msimu wa 2023 bei ilishuka hadi 1,060. Jinzi ileile, 2,650.

Kwenye vibanda vya Kigongo, wilayani humohumo kando ya ziwa, jinzi mpya inatajwa 30,000. Ukikomaa kupatana, muuzaji atakuita bosi wake, ataapa kwamba anakula hasara, halafu atakuachia kwa 27,000. Bei ya pamba iliposhuka karibu theluthi nzima, ya jinzi haikushuka hata mia. Anayemtafuta mchawi wa bei ya jinzi shambani anapoteza muda.

Inauma zaidi kwa sababu ya mahali penyewe. Wilaya hii ya Misungwi ndiyo yenye Ukiriguru, kituo kilichozalisha mbegu za pamba za Kanda ya Ziwa tangu enzi za mkoloni. Ziwa liko mlangoni, lami ipo, umeme upo. Mjini Mwanza kilikuwepo kiwanda cha Mwatex, ambacho wazee wa leo walivaa nguo zake. Lakini sehemu kubwa ya pamba yetu huondoka nchini ikiwa nyuzi ghafi, imefungwa marobota, na inarudi miezi mingi baadaye ikiwa na zipu, vifungo na jina la kigeni kiunoni. Tofauti kati ya 2,650 na 30,000 ndiyo safari hiyo, na mnunuzi akijua imepita wapi atajua pia wapi anaweza kukwepa kulipa.

Tuanze na jinzi mpya ya kibandani. Nyingi zinatoka China, na wauzaji hupenda kuziita za Uturuki kwa sababu za Uturuki zina sifa. Chukua moja inayofika bandari ya Dar es Salaam ikiwa na thamani ya 10,000, nauli ya meli na bima zikiwemo. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa nguo zilizoshonwa tayari ni asilimia 35, ngazi ya juu kabisa ya mfumo ulioanza Julai 2022. Imeshakuwa 13,500. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 haipigwi kwenye ile 10,000 ya mwanzo, inapigwa juu ya 13,500, kwa hiyo sasa ni 15,930. Bado tozo ndogondogo za forodha, wakala, ghala na wapakuzi. Halafu inalala Kariakoo, inapanda lori kwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Mwanza, inalala kwa muuzaji wa jumla, kisha inapanda daladala ikiwa ndani ya kiroba hadi kwa mwenye kibanda. Kila mkono unaoigusa lazima ule. Ukiongeza elfu mbili hapa, elfu tatu pale na faida ya mwenye kibanda, umefika 28,000 bila mtu yeyote katikati kuwa mwizi.

Kisha iangalie dola. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Kufikia katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600, baada ya mwaka mzima ambao waagizaji walikuwa wanaitafuta dola benki na kuikosa. Jinzi ya dola nne haikubadilika huko kiwandani, lakini huku ilitoka 9,200 ikawa 10,400, na kwa kuwa kodi zinapigwa juu ya thamani hiyo, ilipotoka forodhani tofauti ilikuwa karibu 1,900. Hapo hakuna aliyeongeza faida yake hata senti. Tena kuna jambo ambalo kila mnunuzi analijua: dola ikipanda, bei inapanda wiki ileile, dola ikishuka, muuzaji anakwambia mzigo alionao ni wa zamani.

Na Kigongo yenyewe ina mchango wake. Daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu juu ya maji, lilifunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025, na safari ya kwenda Busisi ng'ambo iliyokuwa inakula nusu saa kwenye kivuko, mbali na saa za kusubiri, sasa ni dakika chache. Foleni ile ilikuwa soko. Mtu aliyekwama alinunua mahindi ya kuchoma, akanunua sato, na mwisho akanunua suruali ambayo alikuwa ameipita mara tatu. Sasa basi linapita moja kwa moja. Muuza nguo aliyebaki anategemea watu wa palepale na bodaboda, na mwenye wateja wachache huweka faida kubwa zaidi kwenye kila kipande ili siku isimpite bure. Siwalaumu. Ila kwa mnunuzi maana yake ni kwamba Kigongo si mahali pa kununulia jinzi mpya wakati Mwanza mjini ni saa moja hivi kwa gari.

Hadi hapa nimezungumzia bei inayotajwa mdomoni. Kuna kupanda kwingine ambako hakutajwi, nako ndiko kunakomuumiza mtu wa kawaida zaidi. Kitambaa kimepungua.

Jinzi ya zamani, ile ambayo ukiisimamisha ikiwa mbichi kutoka kwenye kamba inakaribia kusimama yenyewe, ilikuwa na kitambaa cha gramu 400 hadi 470 kwa mita ya mraba, pamba tupu. Nyingi za vibandani leo ni gramu 300 au pungufu, pamba ikiwa imechanganywa na poliesta na nyuzi za mpira ili ivutike na kubana. Kiwanda kilichotaka kubaki kwenye bei ya dola nne wakati pamba duniani imepanda (Mei 2022 ilivuka dola moja na nusu kwa ratili, bei ambayo haikuwa imeonekana tangu 2011) kingefanya nini? Kilipunguza uzito, kikapunguza pamba, kikapunguza urefu wa mfuko. Pamba ilipopoa, uzito haukurudi. Jinzi ikabaki na sura ileile kwenye ning'inio, na anayeivaa anakuja kujua mwezi wa tano mapajani.

Dereva wa bodaboda ndiye shahidi mzuri kuliko mtu yeyote. Anakaa juu ya kiti cha plastiki kuanzia alfajiri, anashuka, anapanda, vumbi la barabara linaingia katikati ya nyuzi na kusaga kama msasa. Nyuzi za mpira zikishakufa kwa jua na sabuni, kitambaa kinalegea magoti, kinameta makalioni, kisha siku moja anarusha mguu kupanda pikipiki na msamba unaitika. Kitambaa kinachovutika kinapendeza siku ya kwanza kwa sababu kinakubali mwili wowote. Kwa kazi ya namna hii hakifai, na hakuna muuzaji atakayekuambia.

Hapa niseme jambo moja la kando. Suruali hii ilizaliwa kwa ajili ya watu wa kazi. Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno huko Nevada, aliona wateja wake vibarua wanachana mifuko, akaipigilia pembe zake vifungo vidogo vya shaba. Yeye na mfanyabiashara Levi Strauss wa San Francisco walipata hataza ya ubunifu huo tarehe 20 Mei 1873, na wachimba madini walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Sasa simama darajani uangalie magari yanayoelekea Sengerema na Geita, kwenye dhahabu. Wachimbaji wapo, jasho lipo, na suruali wanayouziwa imetobolewa magoti kiwandani kwa makusudi na kupakwa rangi ya uzee. Uzee huo nao unalipiwa. Kuna wakati ulitengenezwa kwa kupuliza mchanga kwa mashine ya hewa, na vijana waliofanya kazi hiyo Uturuki waliugua silikosisi, ugonjwa uleule wa mapafu unaowapata wachimba miamba, mpaka nchi hiyo ikapiga marufuku mwaka 2009. Kwa hiyo jinzi iliyochakazwa tayari unailipia mara mbili: kwanza kazi ya kuichakaza, halafu miezi ya maisha yake ambayo imeshaliwa kabla hujaivaa. Mimi sinunui, na simshauri mtu.

Njoo kwenye mtumba. Watu wanasema mtumba nao umekuwa ghali, na wanasema kweli. Jinzi iliyokuwa inaokotwa kwa elfu tano leo ni 12,000 hadi 18,000 ikiwa nzuri, na zile zenye majina zinafika 25,000. Lakini ughali huu una sababu tofauti na ule wa jinzi mpya, kwa hiyo na dawa yake ni tofauti.

Kodi siyo sababu kuu. Mtumba unatozwa asilimia 35 ya thamani au senti 40 za dola kwa kilo, chochote kilicho kikubwa. Belo la kawaida la kilo 45 lina jinzi kama 70 au kidogo zaidi, kwa hiyo kwa kiwango hicho cha kilo ushuru ni kama robo dola kwa jinzi moja. Ingeweza kuwa vingine kabisa. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni ndani ya miaka mitatu. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani, kupitia chama chao cha SMART, wakapeleka malalamiko serikalini kwao mwaka 2017, wakitishia msamaha wa kodi ambao nguo zetu zilikuwa zinaupata Marekani chini ya sheria yao ya AGOA. Kenya, Uganda na Tanzania zikalegeza. Rwanda ikashikilia ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 nguo zake zikatolewa kwenye msamaha huo. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu nani alikuwa na busara. Kwa mnunuzi wa Misungwi matokeo yake ni kwamba mtumba ulibaki.

Kinachoupandisha ni kwamba vile vizuri vimekuwa adimu. Huko Ulaya watu siku hizi wanauziana wenyewe nguo nzuri walizozichoka kupitia simu, na kinachoingia kwenye masanduku ya misaada ni mabaki, yakiwa na zile jinzi nyembamba za kuvutika ambazo zimeshavaliwa msimu mmoja. Kuanzia mwishoni mwa 2023 mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi kutoka Ulaya zizunguke Rasi ya Tumaini Jema, na safari ndefu ina bei yake. Belo likifika, jinzi bora zinachaguliwa Dar, zinachaguliwa tena Mwanza, na vijana wanaouza kwenye mitandao wanawahi alfajiri belo linapofunguliwa. Zinazofika kwenye minada ya vijijini zimeshapita chini ya macho makali mengi.

Muuzaji naye usimwone kama mnyonyaji. Tuseme amenunua belo la jinzi kwa 600,000 na amekuta vipande 75. Kila kimoja kimemgharimu 8,000. Humo 25 ni za daraja la kwanza, anauza 18,000. Thelathini ni za kati, 9,000. Ishirini ni vimeo: zipu imekufa, msamba umeliwa, au kiuno cha mtu mnene sana, hizo anazimwaga chini kwa 3,000. Jumla 780,000. Toa ushuru wa soko, usafiri, mlinzi, chakula, na siku zote alizokaa juani mpaka belo liishe. Akikuambia hawezi kushuka chini ya 15,000 kwa ile nzuri, mara nyingi hadanganyi, kwa sababu ile nzuri ndiyo inayowalipia wenzake ishirini wa chini.

Njia ya tatu ni fundi. Kitambaa cha jinzi kinauzwa kwa mita madukani Mwanza, na mtu wa kimo cha kawaida anahitaji mita moja na nusu. Kwa kitambaa cha 12,000 kwa mita hiyo ni 18,000, zipu, kifungo na uzi mnene 2,000, ushonaji 15,000. Jumla 35,000. Faida yake ni kwamba kiuno ni chako na urefu ni wako, jambo kubwa kwa wanawake wenye nyonga pana ambao jinzi za dukani hazikuwahi kuwafikiria. Hasara yake iko kwenye mashine. Jinzi ya kiwandani imeunganishwa mapajani kwa mshono wa kukunjiana, sindano mbili kwa pamoja, unene wa kitambaa mara nne. Cherehani nyeusi ya miguu inaweza, lakini fundi awe na sindano namba 18, apige nyundo pale kitambaa kinapopandana, na awe na subira. Muulize fundi akuonyeshe jinzi aliyowahi kushona, uivute pale mshono wa mguu unapokutana na msamba. Akikuonyesha kadeti tu, mwachie kadeti.

Jinzi halisi yenye jina, siyo ile yenye lebo iliyopachikwa Kariakoo, sizungumzii sana kwa sababu wachache wanaifikiria. Levi's 501 mpya huko Marekani ni kati ya dola 80 na 100, yaani zaidi ya laki mbili kabla ya kuisafirisha. Kinachochekesha ni kwamba zipo jinzi za soko la Marekani zinazoshonwa karibu kabisa na sisi. Kiwanda cha Tooku kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, kimeshona jinzi kwa soko hilo, na Nairobi kuna United Aryan. Kitambaa kinatoka Asia, mikono ni yetu, suruali inapanda meli. Huenda mojawapo ikarudi siku moja ndani ya belo na kutundikwa Kigongo.

Sasa tuziweke kwenye mizani moja, kwa sababu bei ya siku ya kununua peke yake inadanganya. Nachukua mtu anayevaa jinzi siku nne kwa wiki kwa kazi ya kutembea na kukaa sana. Miezi ninayotaja ni makadirio yangu. Wewe weka yako.

Jinzi mpya nyembamba ya 30,000 ikikufikisha miezi minane, umelipa 3,750 kwa mwezi. Mpya nzito zaidi, ya 45,000 kwenye duka la mjini, ikienda mwaka mmoja na nusu ni 2,500 kwa mwezi. Ya fundi ya 35,000 ikienda miezi ishirini ni 1,750. Mtumba mzito wa 15,000, ukiongeza 3,000 ya fundi kukata pindo na kubana kiuno, ukienda mwaka mmoja na nusu ni 1,000 kamili. Hata ukiongeza nauli ya 5,000 ya kuufuata mjini, haufiki 1,300. Na ile halisi ya laki mbili na kumi, hata ikikaa miaka mitano, ni 3,500 kwa mwezi. Itazame vizuri hiyo namba. Anayenunua ya kibandani kwa kuona ni nafuu analipa kwa mwezi zaidi ya anayenunua ya laki mbili, tofauti ni kwamba yeye analipa kidogo kidogo na hapati jina.

Jinzi ya mnadani ya elfu tano nayo inakuja kwenye 1,000 kwa mwezi ikidumu miezi mitano. Lakini hiyo ni bahati nasibu. Kwa mwenye jicho inafaa, kwa asiye nalo ni hasara ya elfu tano kila mara.

Jicho lenyewe linafundishika. Soko la Mlango Mmoja pale Mwanza, ukimtazama mnunuzi mzoefu, utaona haangalii mbele ya suruali kwanza. Anaigeuza ndani nje. Upande wa ndani wa jinzi ya kweli uzi wa mlalo ni mweupe na wa wima ni wa bluu, na pale mapajani weupe ukiwa umezidi na kitambaa kimekuwa na manyoya, maisha yake yamekwisha hata kama mbele inang'aa. Anainyanyua kuelekea juani na kutazama msambani. Mwanga ukipenya kama kwenye chandarua, anaiweka chini. Anaishika kwa mkono mmoja kupima uzito. Anaivuta kwa upana: inayorudi haraka ina mpira hai, inayobaki imelegea mpira wake umeshakufa, isiyovutika kabisa ni pamba tupu na ndiyo anayoitaka. Anapandisha na kushusha zipu, na zipu ya chuma anaipenda kuliko ya plastiki. Mwisho ndiyo anasoma kitambulisho kidogo cha kitambaa kilichoshonewa ubavuni kwa ndani, ambacho wengi hukikata kwa kuwa kinawasha. Mtumba unatoka nchi nyingi, kwa hiyo kinaweza kuandikwa cotton, coton au Baumwolle. Zote ni pamba. Ikiwa mbele yake kuna 100 au 98, basi. Ikiwa ni 65, rudisha.

Kwa jinzi mpya ongeza jaribio moja: lowesha kidole, sugua sehemu ya ndani ya kiuno. Rangi kidogo kidoleni ni kawaida, bluu ya jinzi hukaa juu ya uzi bila kuingia ndani kabisa, ndiyo maana inapauka kwa uzuri. Rangi nyingi maana yake itachuja kwenye shati lako jeupe na kwenye kiti cha watu.

Utunzaji unaongeza miezi bila kuongeza pesa. Fua ikiwa imegeuzwa, kwa maji baridi, isisuguliwe kwa brashi mapajani, ianikwe kivulini. Usiifue kila ukivaa. Ikung'ute vumbi, itundike ipate upepo. Na ukiona mapaja yanaanza kuwa meupe kwa ndani, mpelekee fundi wakati huohuo aweke kiraka kwa ndani na kupitisha mishono juu yake. Elfu mbili leo inakupa nusu mwaka. Ukisubiri tundu lionekane, unanunua nyingine.

Kwa mtu wa ziwani, mvuvi au mchuuzi wa dagaa anayelowa kila siku, jinzi yoyote haifai. Inanyonya maji, inakuwa nzito na haikauki. Kadeti ya 20,000 itamtumikia vizuri zaidi.

Lakini kwa wengine wote wenye elfu thelathini mfukoni, uamuzi wangu ni huu. Usiimalizie pale kibandani. Panda gari uende mjini siku ya kazi asubuhi, siyo Jumamosi, utafute mtumba wa pamba tupu, mzito, wenye kiuno kipana kidogo kuliko chako, usiozidi 15,000. Rudi nao kwa fundi wa Kigongo aubane. Kilichobaki kiweke kwa ajili ya kiraka cha mwakani. Na ukiamua kununua mpya dukani, dai risiti na uulize mapema kama inarudishika mshono ukiachia ndani ya mwezi. Muuzaji anayekataa swali hilo ameshakujibu.